Mahari, Siyo Mahali

Mimi nina ugonjwa wa kusahihisha watu. Mume wangu husema hata siku ya kuzikwa kwangu padri akikosea neno nitainuka. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi tangu nilipotoka chuo cha Butimba, na huku kwetu Mwanza mwalimu wa Kiswahili hakosi kazi, maana ndimi zetu hazina habari na tofauti ya "r" na "l". Mtoto anaomba karamu ya kuandikia. Muuza duka ana mchere mpya. Mwenyekiti wa mtaa anasimama mbele za watu na kutangaza, "Haya, sasa tupige kula," na watu wanacheka hadi machozi, naye hajui wanachekea nini. Mimi mwenyewe ni Msukuma, ila ulimi wangu niliunyoosha kwa viboko vya mwalimu wangu, na sioni haya kusema kwamba najivunia. Ndiyo maana waliponitaka niwe katibu wa kamati ya njia sikujivunga hata kidogo.

Sisi tunakaa mlimani, kwenye vilima vile vya mawe ambako nyumba zimepachikwa katikati ya majabali popote palipopatikana nafasi ya kusimamisha ukuta. Wageni wakifika kwangu wanalitazama ziwa, wanahesabu visiwa, wanapiga picha. Halafu wanaangalia chini na kuuliza tunashukaje. Tunashuka kwa makalio, nawajibu. Mvua ikinyesha si utani.

Mama mkwe wangu anaishi nasi, na miguu yake ilishakataa kazi. Kila mwezi ana kliniki ya sukari. Siku hiyo vijana wanne wanakuja na kiti cha plastiki, wanamfunga kwa kanga mbili asidondoke, wanamnyanyua na kuanza kushuka jiwe kwa jiwe. Yeye hufumba macho mpaka barabarani. "Mkamwana," aliniambia siku moja tukiwa kwenye foleni ya daktari, "mimi nimekuwa kreti la soda." Tulicheka sote wawili, lakini mimi moyoni niliumia. Mwezi uliofuata kijana wa mbele aliteleza, kiti kikainama, mama akapiga paji la uso kwenye jabali na kushonwa nyuzi. Mwaka huo huo jirani wa juu yangu alijifungulia njiani, juu ya jiwe, tumemzunguka na kanga, mvua inamnyeshea. Mtoto alipona. Tusingekuwa na bahati tungekuwa tunasimulia mengine.

Kwa hiyo halmashauri ilipotuletea habari ya ngazi za zege, mtaa mzima ulishangilia. Ngazi pana, za kupitisha machela watu wawili wakiwa wamesimama wima, na bomba la maji pembeni. Sharti lilikuwa moja: ardhi wananchi wanaitoa wenyewe kwa hiari, kila atakayepitiwa asaini fomu. Wapimaji walipanda na kushuka siku tatu, wakapiga rangi nyekundu kwenye mawe, na mwisho wakasema njia ni moja tu. Kushoto kuna jabali lisilopasuka bila baruti, kulia kuna korongo. Katikati ndiyo kwa bibi.

Huyo bibi ni jirani yetu wa chini, mjane, Msukuma kama mimi, aliyeolewa na fundi cherehani mmoja Mwislamu wa mjini, watu wa mchanganyiko, babu wa Tabora, nyanya wa Ukerewe. Alisilimu, akajifunza kupika pilau kutushinda sote, ila ulimi wake aliuacha vile vile. Mimi ananiita "mwarimu". Nimejaribu kumsahihisha miaka na miaka, ananijibu, "Sawa mwarimu, nimekusikia," basi yamekwisha.

Bibi ana kitu ambacho hakuna mwingine anacho mlimani: uwanja. Mahali tambarare. Si pakubwa, mtu mzima anapamaliza kwa hatua kumi na mbili, lakini kwetu hiyo ni mali. Jiko lake liko upande mmoja, upande wa pili anaanika mihogo, na jioni anatandika mkeka wake wa kuswalia akielekea jabali. Harusi zetu tunafanyia kwake. Matanga tunakaa kwake. Hata mikutano ya mtaa tunafanyia kwake, maana wapi pengine utawakalisha watu sitini wasiporomoke? Anafagia mwenyewe asubuhi, anatoa mikeka, anakaa mlangoni na kutusikiliza. Kwa hiyo mkutano wa kuamua kumchukulia bibi uwanja wake tuliufanya kwenye uwanja wake, tumekalia mikeka yake. Siku ile sikuliona hilo. Nimekuja kuliona baadaye na likaninyima raha.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti alieleza: jiko la bibi litaondoka, nusu ya uwanja itaondoka, ngazi zitapita kama mita mbili kutoka mlango wake. Akauliza kama wenyewe wana neno. Bibi akasimama. Hakuwa msemaji, alisema maneno machache tu huku ameshika mtandio wake. Mimi kalamu mkononi, nikasikia hivi: "Hapa ndiyo mahali. Mzee alinipa. Sasa nikitoa mahali, mimi nabaki na nini?"

Kabla watu hawajapumua akasimama shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ana duka la vipuri kule Nyegezi na alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi kweli kweli. Mtu mstaarabu, simsemi vibaya. Akasema, "Ndugu zangu, shemeji ana uchungu, amekaa hapa siku nyingi, anapapenda. Lakini eneo ni la marehemu kaka yangu, na sisi kama familia tumeridhia. Ni sadaka ya kaka." Watu wakapiga makofi. Wengine wakasema amin. Mwenyekiti akasema tupige kula, tukacheka, mikono ikapanda juu yote kwa mara moja, wangu ukiwa wa mbele. Shemeji akasaini fomu: nimetoa kwa hiari yangu. Bibi aliingia ndani akatuletea maji ya kunywa.

Usiku huo huo? Hapana, kesho yake mchana, niliandika muhtasari kwa mwandiko wangu bora. "Mjane wa marehemu alieleza kuwa hapo ni mahali pake pa kuishi kwa muda mrefu. Msemaji wa familia aliridhia kwa niaba ya wote." Nikaona nimeandika vizuri, tena kwa heshima.

Siku ya tatu napita uwanjani kwa bibi nikirudi kutoka shuleni, kama tunavyopita wote kila siku bila hata kuomba, akaniita. Alikuwa anageuza mihogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwarimu. Umeshaandika yale ya mkutano?"

"Nimeandika bibi."

"Nisomee mimi niliposema."

Nikatoa daftari, nikamsomea, tena kwa madoido kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniambia, "Mimi sikusema hivyo."

"Ulisema bibi. Ulisema hapa ni mahali pako."

"Nilisema mahari."

"Ndiyo. Mahali." Na mdomo wangu huu, Mungu anisamehe, ukaanza kazi yake. "Maha-li bibi. Ulimi unagusa hapa juu. Li."

Akaacha mihogo. Akanitazama kwa namna ambayo hata mkaguzi wa shule hajawahi kunitazama. "Mwarimu, mimi najua ninavyosema vibaya, unaniambia kila siku. Lakini hilo nililisema sawa. Ma-ha-ri. Ya kuolewa."

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka. Nikamwambia, bibi, mahari si ng'ombe? Mahari si alichukua baba yako? Kwetu sisi ndivyo. Mimi mwenyewe ng'ombe wangu walikwenda kwa baba, karibu na Bujora, nikawaona wanaingia zizini na sikupata hata mkia. Sijawahi kusikia mwanamke akisema "mahari yangu" kama anavyosema "kanga zangu".

Bibi aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni, ndani yake cheti cha ndoa kilichokunjwa mpaka mikunjo imeanza kuachana. Akanipa nisome. Jina la mume, jina la mke, mashahidi. Chini yake pameandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa shekhe, mahari: kiwanja kimoja, na mipaka yake, jabali huku, jabali kule.

"Kwenye dini aliyonioa nayo," akasema, "mahari ni ya mke. Si ya baba, si ya shemeji, si ya mume. Mzee hakuwa na ng'ombe wala hela. Alikuwa na hiki kiwanja, wakati huo hakuna mtu anayetaka kukaa huku. Akaniambia hiki chako, hata tukiachana mimi ndiye nitakayeondoka. Miaka yote alikuwa akitaka kuongeza chumba ananiomba ruhusa. Sasa shemeji ametoa sadaka ya kitu ambacho kaka yake mwenyewe alikuwa anakiombea ruhusa."

Nilimwamkia tena, sijui kwa nini, nikapanda nyumbani.

Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani. Maana wazo la kwanza halikuwa kumsaidia bibi. Wazo la kwanza lilikuwa: fomu imeshasainiwa. Kesho kutwa inapelekwa halmashauri. Nikinyamaza siku mbili tu, ngazi zinajengwa, mama anashushwa kwa machela kama binadamu, na hakuna atakayejua. Nani atasoma muhtasari? Nilimweleza mume wangu. Naye ni mtu mwema, lakini ni mtoto wa mama yake. "Sasa mama apasuke kichwa mara ya pili kwa ajili ya herufi moja?" akasema. "Wewe si ndiye unasema kila siku hawa watu hawajui r na l? Basi hakujua." Nikamwambia ni kweli. Nikaenda kupika. Nikaunguza ugali, jambo ambalo halijanitokea tangu usichana.

Kilichonikera si dini wala sheria, niseme wazi. Kilichonikera ni kwamba mtu alisimama mbele yetu sote, akasema neno lake sahihi, nami nikalisahihisha. Watoto wangapi nimewachapa kwa kosa dogo kuliko hilo?

Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti kabla ya kengele ya shule. Nikamwambia muhtasari una kosa, na kosa ni langu. Alinisikiliza akiwa anapiga mswaki, akatema, akasema, "Mwalimu, unataka kutuharibia. Wewe, mwenye mgonjwa ndani?"

"Ndiyo mimi."

"Mradi ukiondoka haurudi."

"Najua."

"Kwa hiyo mahari ikiwa mahari, shemeji hana saini."

"Hana. Mwenye saini ni yeye bibi."

Kumbe mwenyekiti naye ni mtu muungwana kuliko nilivyomdhania, kwa jinsi nilivyokuwa nikimcheka. Akasema basi tutamuuliza mbele ya watu, kama tulivyotakiwa kumuuliza mwanzo. Akaitisha mkutano Jumapili iliyofuata. Uwanjani kwa bibi, hatukuwa na kwingine. Na bibi alifagia. Alitoa mikeka yote.

Safari hii mama mkwe naye alitaka kushuka. Vijana wakamleta kwenye kiti, wakamweka karibu na mlango, bega kwa bega na bibi. Hawa wawili ni mashoga wa siku nyingi, wanatumiana uji. Bibi akamtengenezea kanga mgongoni.

Nikasimama nikasoma masahihisho. Nikaeleza cheti, nikaeleza mahari, nikasema neno lilitamkwa vizuri na katibu ndiye aliyekosea. Shemeji akainamisha kichwa, akasema hakujua, na mimi namwamini. Lakini uwanja ulivurugika. Watu wakapaza sauti kwamba tulishamaliza, kwamba tumerudishwa nyuma, mwalimu anajifanya wakili. Yule jirani ambaye mke wake alijifungulia njiani alisimama na mtoto mgongoni, amembeba yeye mwenyewe, akasema bila kupiga kelele, "Mimi sina la kusema. Mnalijua lile jiwe." Akakaa. Hilo lilituingia wote kuliko kelele.

Mwenyekiti akamgeukia bibi. "Mama yetu, wewe ndiye mwenye eneo. Tunakuomba mbele ya watu. Unatoa au hutoi?"

"Sitoi," bibi akasema.

Nikaliandika hilo neno peke yake kwenye mstari wake.

Mwenyekiti akajifuta jasho. Akaeleza kwa upole, na kwa kweli alieleza vizuri, kwamba mtu ana haki ya kukataa kutoa, lakini ipo sheria nyingine. Kwamba mtaa unaweza kupeleka maombi, na serikali ikiona ni kwa manufaa ya umma inaweza kutwaa, kwa utaratibu, kwa fidia. Kwamba hatutaki kufika huko. Kwamba akitoa kwa hiari ni heshima kwake na kwa marehemu.

"Kutwaa," bibi akasema. Alilitamka polepole. "Hilo ndilo neno. Basi twaeni."

Watu wakatazamana.

"Sitalala mbele ya mafundi. Sitamwapiza mtu. Huyu hapa shoga yangu," akamshika mama mkwe goti, "nimemwona akishushwa na damu usoni. Mimi si mnyama, najua mnateseka. Kama shida yenu ni kubwa kuliko mahari yangu, haya, twaeni. Lakini msije mkaandika nimetoa. Nilipewa na mtu aliyenipenda, mimi sikumpa mtu. Mkitwaa, andikeni mmetwaa. Na anayetaka kutwaa anyooshe mkono nimwone."

Mwenyekiti akauliza wangapi wanakubali maombi yapelekwe. Hakusema kura wala kula. Jumapili ile ya kwanza mikono ilipanda yote kwa mkupuo, watu wanacheka. Sasa ukapita muda mrefu hata nikawasikia kuku wa bibi wanapekua nyuma ya jiko. Ukapanda mkono mmoja, wa yule mwenye mtoto mgongoni. Ukapanda mwingine, halafu mwingine, kila mmoja akitazama mkeka aliokalia. Bibi alikuwa anawatazama usoni mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetaka kuwakumbuka. Shemeji hakunyoosha.

Nikamtazama mama mkwe. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mume wangu akamwinamia na kumnong'oneza, "Mama, nyoosha, ni kwa ajili yako." Akamjibu kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mimi siwezi. Nimekaa mlangoni kwake. Anayetaka nishuke vizuri anyooshe yeye."

Mume wangu akanitazama mimi.

Ningeweza kusema katibu hapigi kura. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Lakini nililiona lile paji la uso lenye alama ya nyuzi, nikajua ninachokitaka, na kwamba nakitaka kwelikweli, hata kwa bei hiyo. Nikanyoosha mkono, kalamu ikiwa bado ndani yake. Bibi alikuwa ananiangalia.

Mikono ilitosha. Mwenyekiti akaniambia niandike idadi.

"Siyo idadi," bibi akasema. "Aandike majina."

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake, kwa herufi kubwa, WALIOTWAA, nikainua macho nimwulize mwenyekiti tunaanzia upande gani.

"Anza na lako, mwarimu," bibi akasema.

Nikaliandika.